Seramu inayoua lukemia ya panya: angalia C5 kwanza

Mleta uzi ameuliza kwa nini seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikiganda) ya panya wenye afya iliyeyusha lukemia, yaani saratani ya damu, kwa panya wa ukoo wa AKR, na kwa nini akirudia kwake haoni kitu.

Mkuu, kazi iliyochapishwa mwaka 1973 ilimnyoshea kidole C5, protini moja ya komplimenti, yaani kundi la protini za damu (C1 hadi C9) zinazosaidia kinga kuua seli. Panya wa AKR hawana C5 kabisa, kwa kasoro ya jeni. Kwao C1 inanasa kingamwili iliyoshika seli, C4 na C2 zinakatwa, C3 inajibandika juu ya seli, halafu mnyororo unakatikia hapo. Bila C5 hakuna wa kuziita C6, C7, C8 na C9, na ni hizo zinazotoboa utando tundu la upana wa takriban nanomita 10. Tundu likitoboka, maji yanaingia, seli inavimba na kupasuka.

Seramu ya panya mwenye C5 ndiyo inayojaza pengo hilo, kwa hiyo angalia ukoo wa panya anayetoa seramu. C57BL/6 na BALB/c wana C5. A/J na DBA/2 hawana. Wengi hujikwaa kwa DBA/2, maana lukemia ya L1210 hukuzwa humo na panya huwa tayari wapo bandani.

Komplimenti haitaki uzembe. Acha damu igande nusu saa kwenye joto la chumba, izungushe kwenye sentrifuji kwa nyuzi 4, igawe vichupa vya kutumia mara moja, igandishe nyuzi 80 chini ya sifuri. Iyeyushe juu ya barafu, na iliyobaki usiirudishe. Chupa yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, haifai: inateka kalsiamu, na C1 bila kalsiamu inasambaratika.

Wengi hulinganisha na seramu iliyopashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuizima komplimenti. Fanya, lakini joto huharibu na vingine. Mimi naiamini zaidi seramu ya DBA/2 iliyotunzwa vilevile, kwa kuwa hiyo ina karibu kila kitu isipokuwa C5. Tahadhari hii ina sababu: mwaka 1953 mtafiti John Kidd alionyesha kwamba seramu ya simbilisi inafuta limfoma (saratani za tezi za limfu) za panya. Seramu hiyo ina komplimenti kali sana, ila mwaka 1961 mtafiti mwingine, Broome, alibaini muuaji ni kimeng'enya, asparajinesi, ambacho leo ni dawa ya lukemia ya watoto.

Kama ukoo na utunzaji viko sawa na seli bado hazifi, pima CD59, protini inayozikinga seli dhidi ya komplimenti, juu yake. Huzuia C9 zisijipange, na seli ikiwa nayo nyingi, kuongeza seramu hakutasaidia.