Maswali ya Wasomaji: Naweza Kusomea Fizikia ya Nyuklia kwa Majaribio Bila Mtambo?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya fizikia. Natamani kufanya majaribio ya viini vya atomu, lakini nchini hatuna mtambo wa utafiti wa kuharakisha chembe, na nimeshauriwa nihamie nadharia. Nifanyeje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada, nadharia ni fani ya heshima, lakini usiikimbilie kwa sababu ya kukosa mtambo. Hata wanaosoma karibu na mitambo hupangiwa siku chache tu za kutumia mwale wa chembe, wakapokezana zamu usiku na mchana, kisha wakarudi kuchambua data kwa miezi mingi. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye vigunduzi na kompyuta, na hiyo unaweza kuianza hapo ulipo.

Mwombe msimamizi wako akuruhusu kutumia kigunduzi cha mionzi ya gama, hata kile cha sodiamu ayodaidi kinachotumiwa kwa mazoezi ya shahada ya kwanza. Chanzo cha mionzi cha kobalti-60 kitakupa vilele viwili kwenye mchoro wa nishati, vya keV 1173 na 1332 (keV ni kipimo cha nishati, yaani elektronivolti elfu moja), na seziamu-137 itakupa kimoja cha keV 662. Kwa vilele hivyo utaoanisha nishati na namba za chaneli, yaani visanduku ambamo kifaa hupanga mapigo ya kigunduzi kwa ukubwa wake. Wengi huishia hapo, ilhali hapo ndipo maswali ya mtafiti yanapoanza. Kwa nini kushoto kwa kila kilele kuna mwinuko mrefu? Ni kwa sababu baadhi ya miale hugonga elektroni, ikaacha sehemu tu ya nishati yake na kutoroka. Na kwa nini kigunduzi cha jerimaniamu, kinachopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hutoa vilele vyembamba zaidi? Litafute jibu mwenyewe, kisha uige kigunduzi chako kwa programu ya Geant4, ambayo ni ya bure, ulinganishe matokeo yake na vipimo vyako. Utahitaji lugha ya kompyuta ya C++, na itakutoa jasho.

Kuhusu ufadhili, tangu 2020 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina mpango uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie, unaowafadhili wanawake wanaosoma uzamili katika fani za nyuklia, omba mapema. Kwa uzamivu, mimi ningetazama kwanza iThemba LABS, karibu na Cape Town, yenye saiklotroni inayoharakisha protoni hadi MeV 200 (MeV moja ni keV 1000), ambako wanafunzi wa vyuo vikuu hufanyia utafiti wao. Marekani kuna FRIB, katika Michigan State University, kituo cha viini adimu kilichofunguliwa 2022. Vyuo vingi vya huko huwalipa wanafunzi wa uzamivu wa fizikia posho kwa kufundisha au kutafiti.

Unapomwandikia mtafiti, soma kwanza makala yake moja, umwulize jambo mahususi kuhusu kipimo chake, na uambatishe mchoro wa vilele ulivyopima mwenyewe, pamoja na ukubwa wa makosa ya kipimo.