Maswali na Majibu: Sponji Kwanza, Waya Baadaye

Barua zilizonifikia tangu safu iliyopita ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: namna ya kuongeza besi kwenye hedifoni. Nimechagua zile zilizotaja kifaa, simu na tatizo lenyewe. Zile zilizosema tu kwamba hedifoni haisikiki vizuri zimebaki kapuni, kwa kuwa hata daktari humuuliza mgonjwa ni wapi panapouma.

Nilinunua Sennheiser HD 600 ya mtumba kwa akiba ya miezi kadhaa. Nikiichomeka kwenye simu, kisha nikachomeka Sony MDR-7506 yangu ya zamani, ile ya zamani inashinda waziwazi. Je, nimetupa pesa? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Hujatupa pesa, bali umelinganisha vibaya, kama wanavyofanya wengi wanaoniandikia. HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa omu 300, ilhali MDR-7506 ina omu 63 na huridhika na nguvu ndogo sana. Ukiacha kidhibiti cha sauti palepale na kubadilisha hedifoni tu, Sony itavuma zaidi, na sikio lina udhaifu wa kukiona kinachovuma zaidi kuwa ndicho kilicho safi zaidi na chenye besi nzito zaidi. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti inapopungua, sikio huipoteza besi mapema kuliko sauti za katikati. Kwa hiyo ulichokisikia ni tofauti ya kiwango, na bado hujasikia tofauti ya hedifoni zenyewe.

Sawazisha kwanza. Mimi hutumia kipande cha kadibodi kilichokatwa kutoka katoni ya maziwa, nikakitoboa tundu moja katikati na kuweka nyuma yake kipaza sauti cha simu ya pili yenye programu ya kupimia desibeli. Laza sponji ya hedifoni juu ya kadibodi bila kuacha pengo, cheza ule mvumo wa majaribio unaofanana na mvua inayopiga mabati, kisha rekebisha kidhibiti mpaka hedifoni zote mbili zisomeke namba ileile. Namba hiyo yenyewe haitakuwa sahihi, na haidhuru, kwa sababu unachotafuta ni usawa. Baada ya hapo sikiliza sehemu moja fupi ya wimbo unaoujua, kwa mfano pale gitaa la solo linapoingia katika benga, na ubadilishe haraka, maana kumbukumbu ya sikio hufifia upesi mno. Anayekunywa chai katikati ya majaribio analinganisha kumbukumbu.

Iwapo simu yako haiwezi kuipandisha HD 600 hadi kiwango hicho, hapo ndipo adapta ndogo ya USB yenye amplifaya ndani yake inapohitajika, na si kabla. Ukumbuke pia kwamba HD 600 ni hedifoni ya wazi: kelele za barabarani zitaingia, na nyimbo zako zitamfikia jirani. Ukiwa sebuleni kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret wakati malori yanapita, hata mimi ningevaa Sony.

Waya wa fedha utasaidia? (Wasomaji wanne, kwa nyakati tofauti)

Hapana. Waya wa shaba wa urefu wa mita moja na nusu, ukiwa mzima, una ukinzani mdogo usiofika hata omu moja mbele ya hedifoni ya omu 300. Nunua waya mpya pale ule wa zamani unapokatika, au unapokuwa mfupi, au unapokukwaruza shingo. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba sitalichapisha tena mwaka huu.

Waya ulikatika karibu na pini. Fundi wa simu aliuunga, na sasa magitaa na ngoma zinasikika vizuri, lakini mwimbaji ametoweka kabisa, kama aliyetumbukia kisimani. Hedifoni imeungua? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Haikuungua, na nakushukuru kwa kueleza vizuri hivyo, kwa sababu maelezo yako peke yake yanatosha kuonyesha kosa. Waya wa pamoja, ule unaorudisha umeme kutoka masikio yote mawili, haujaungwa au umeungwa mahali pasipofaa. Ukikosekana, umeme hupita kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia, na unachosikia ni tofauti kati ya pande hizo mbili. Mwimbaji karibu daima hurekodiwa katikati, yaani sawasawa pande zote, hivyo anajifuta mwenyewe, huku magitaa yaliyowekwa pembeni yakibaki.

Kabla ya kumrudia fundi, fanya jaribio moja. Kama waya una kitufe cha kupokelea simu, kibonyeze na ukishikilie wimbo ukiendelea. Mwimbaji akirudi, basi fundi amebadilishana sehemu mbili za pini: katika mpangilio wa CTIA, unaotumiwa na simu nyingi za sasa, ncha ni kushoto, pete ya kwanza ni kulia, pete ya pili ni waya wa pamoja, na shina ni kipaza sauti. Mpangilio wa zamani wa OMTP umegeuza hizo mbili za mwisho. Asiporudi, tatizo ni lehemu yenyewe. Nyuzi hizi nyembamba zimepakwa vanishi ya rangi, kwa kawaida nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na rangi ya shaba kwa waya wa pamoja. Vanishi hiyo haipitishi umeme. Ni lazima iunguzwe kwa ncha ya chuma cha kulehemu chenye tone la risasi mpaka uzi ung'ae, ndipo uungwe. Fundi anayekwangua kwa wembe hukata nusu ya nyuzi, na anayesokota kwa vidole na kuzungushia selotepu hajaunga kitu. Msimamie akifanya kazi. Haichukui dakika kumi.

Ni hedifoni gani iliyo bora? (Msomaji, Bungoma)

Kwa kazi gani, kwa simu gani, na kwa shilingi ngapi?

Sponji za hedifoni yangu zimebambuka na kuniachia magamba meusi shingoni. Nilinunua nyingine nene za kitambaa cha mahameli, zinakaa vizuri sana, ila besi imekimbia. Je, spika zimechoka? (Msomaji, Homa Bay)

Spika hazijachoka. Ile iliyobambuka si ngozi bali ni plastiki ya poliyurethani iliyopakwa juu ya kitambaa, na adui yake ni unyevu pamoja na joto, ambavyo kando ya ziwa letu havina msimu wa kupumzika. Jasho huharakisha mambo. Futa sponji kwa kitambaa kikavu kila unapovua, na usiiache hedifoni juu ya dashibodi ya gari.

Kuhusu besi, jambo ambalo wasomaji wangu hawalipendi ni kwamba sponji ni sehemu ya chombo, kama ngozi ilivyo sehemu ya ngoma. Katika hedifoni iliyofungwa, besi hutegemea hewa iliyozuiwa kati ya spika na sikio. Ngozi ya bandia huizuia hewa hiyo, na mahameli huipitisha, kwa hiyo besi huvuja kabla hujaisikia. Unene nao una neno lake, kwa kuwa sponji nene huisogeza spika mbali na sikio na kubadilisha sauti za juu. Jaribu hivi: bonyeza vikombe polepole kwa viganja wimbo ukiendelea. Besi ikipanda, una mvujo. Anayevaa miwani atagundua kwamba mkono wa miwani unafanya uharibifu uleule.

Rudi kwenye sponji za ngozi ya bandia zenye unene sawa na zile za awali. Kama huzipati, funika upande wa ndani wa hizo za mahameli kwa selotepu ya karatasi, kipande kwa kipande, mpaka besi irudi kiasi unachotaka. Zile kuukuu usizitupe hata zikiwa na magamba, maana ndizo kipimo chako cha sauti ya asili. Nimesoma sifa nyingi za hedifoni zilizoandikwa na watu waliokwisha kubadilisha sponji bila kusema, na ushauri wao ni bure kwetu sote.

Nina Fostex T50RP na nimesikia kwamba watu huifungua na kuigeuza kuwa hedifoni ya bei kubwa. Nianzie wapi? (Msomaji, Kakamega)

Anzia kwenye daftari. Ni kweli kwamba T50RP, ambayo badala ya koni hutumia utando bapa uliochapwa nyaya na kuwekwa kati ya sumaku, hupendwa sana na wafunguaji. Kikombe chake cha plastiki kina nafasi ya kuwekewa pamba au kitambaa kizito cha sufi, kuta zake hutulia zikibandikwa gundi ya udongo ile ya kubandikia mabango, na tundu lake la besi linaweza kuzibwa nusu au kabisa. Kila hatua husikika. Balaa ni pale mtu anapofanya zote tatu Jumamosi moja, pande zote mbili, kisha ananiandikia Jumapili akiuliza kwa nini sauti imekuwa kama ya redio ndani ya blanketi. Badilisha kitu kimoja, upande mmoja kwanza, kisha ulinganishe na upande ambao hujaugusa kwa wimbo usiogawanyika pande mbili. Andika uzito wa pamba uliyoitia. Usitumie gundi isiyobanduka.

Na uwe na bisibisi isiyoshika sumaku. Mimi niliharibu spika moja nzima kwa uvivu wa kutotafuta bisibisi hiyo: nilikuwa nimeikaribisha ncha kwenye kirubu, sumaku ikaivuta mkononi mwangu, na nikasikia mlio mdogo kama wa kutoboa karatasi. Vumbi la chuma nalo ni hatari vilevile, kwa hiyo usifungulie kwenye meza iliyopigiwa msasa.

Ila kabla ya yote hayo, kwa nini usijaribu ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha besi au sauti za juu? Equalizer APO kwenye kompyuta ya Windows haikugharimu chochote, na ukikosea unafuta. Ukiinua besi kwa desibeli 6, shusha kiwango cha jumla kwa desibeli 6 pia, la sivyo sauti itapasuka na utamlaumu Fostex.

Nasafiri Busia hadi Kisumu kila siku, na matatu hupiga muziki wake. Hulazimika kupandisha wangu hadi mwisho. Kuna marekebisho ya kuongeza sauti? (Msomaji, Busia)

Yapo, na sitakuambia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika desibeli 90 saa hizo zinashuka hadi 4. Kushindana na spika za matatu kwa safari ya kila siku kunazimaliza saa hizo kabla wiki haijafika katikati. Unachohitaji ni kuzuia kelele ya nje: vipokea sauti vya kuingia sikioni vyenye mpira unaokaa sawasawa, hata vya bei nafuu, vitakuwezesha kushusha sauti. Ukisikia mlio wa nzi masikioni usiku, nenda kliniki ya masikio. Na iwapo siku nyingine unapanda bodaboda, vua kabisa. Abiria hahitaji wimbo kuliko honi ya lori lililo nyuma yake.

Nimepata Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 kwa bei ya kutupa. Nitajuaje kama ni ya kweli? (Msomaji, Kericho)

Mpelekee muuzaji mita ya kupimia umeme, ile ya shilingi mia chache. Iweke kwenye omu, gusa ncha ya pini na sehemu ya mwisho karibu na plastiki, kisha pete na sehemu ileile. Utasikia mkwaruzo mdogo, usishtuke. Kila upande unapaswa kusoma karibu na 250, na pande mbili zikaribiane. Hedifoni hii hutengenezwa pia kwa omu 32 na omu 80, kwa hiyo ukisoma 30 na kitu inaweza kuwa ya kweli lakini siyo uliyoahidiwa. Upande mmoja ukisoma 30 na mwingine 17, mrudishie kabla hajafunga duka.