Usiache kazi bado, na miswada usiitupe

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kazi uandikie watoto kutwa nzima, na kama miswada minne kukataliwa ni dalili ya kukosa kipaji. Nina miaka 16 kwenye uandishi huu. Kazi usiache kwanza: mrabaha, yaani fungu la mauzo analolipwa mwandishi, kwa kitabu cha picha kwa kawaida mnagawana na mchoraji. Mimi niliendelea kufundisha hadi kitabu cha sita.

Kukataliwa hakusemi lolote kuhusu kipaji. Hadithi ya sungura ya Beatrix Potter, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya watoto, ilianza kama barua kwa mtoto mgonjwa mwaka 1893. Wachapishaji wakaikataa, akajichapishia nakala 250 mwaka 1901, ndipo mwaka uliofuata ikapata mchapishaji. Kinachonigusa hapo ni ile barua. Alikuwa na mtoto mmoja mbele ya macho yake.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na maneno karibu 2,000. Nikamsomea mpwa wangu wa miaka mitano. Sijafika hata nusu, keshageukia kamba za viatu vyake, anafunga na kufungua. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kobe yuko wapi?" Kobe nilimtaja mwanzoni nikamsahau! Niliweka yote kando nikaandika habari za yule kobe, maneno 450. Ndicho kitabu changu cha kwanza.

Jaribu hivi: kunja karatasi nane katikati, zipange kama daftari, upate kurasa 32. Vitabu vingi vya picha ni vya kurasa hizo, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Gawa hadithi yako humo. Utaona ni wapi mtoto atakuwa na hamu ya kufunua, na ni wapi unaeleza kwa maneno kitu ambacho mchoraji atakionyesha.

Jingine linaniuma mpaka leo. Kitabu cha pili niliuza hakimiliki kwa malipo ya mara moja, kwa hamu ya kuona jina langu kwenye jalada. Wachapishaji walipobadilisha mwisho wa hadithi, sikuulizwa. Kifungu cha hakimiliki ukishindwa kukielewa, tafuta mwanasheria kabla hujatia saini.

Na huo mswada wako unaohusu mtoto anayeogopa kivuli chake, umeshamsomea mtoto yeyote kwa sauti? Msomee wiki hii, na uwe unatupia jicho mikono yake.