Tosta ya sandwichi: tazama vibao na bawaba kwanza, wati baadaye

Dada yangu, umeuliza uchukue ipi: ile ndogo ya pembetatu ambayo vibao vyake havitoki, au ile kubwa kidogo ya vibao vya kutoa na kubadilisha. Umesema una watoto wa shule, na Ramadhani sandwichi za kima hazikosi mezani. Kwa matumizi hayo, chukua ya vibao vinavyotoka, hata ikibidi ungoje mwisho wa mwezi uongeze pesa.

Sababu kubwa ni usafi. Kima ina mafuta, chizi inayeyuka, na vyote hukimbilia kwenye ule ufa ulio kati ya kibao na mwili wa tosta. Vibao visipotoka huwezi kuitia majini, maana mambo ya umeme yako hapo hapo chini yake. Unabaki kufuta kwa kitambaa na kijiti, na mafuta yaliyojificha yanaungua kila ukiwasha, mpaka mkate wa jemu wa asubuhi unanuka kima ya jana. Sisimizi nao hawachelewi. Ile nyingine unaiacha ipoe, unabonyeza vifungo, unaosha vibao kwa sponji laini, basi.

Ukifika dukani, ifungue na uifunge mwenyewe. Bawaba nzuri inalegea kidogo na kupanda juu, kwa hivyo kifuniko kinalala sawa hata slesi za boflo zikiwa nene. Bawaba ngumu inabana nyuma na kuacha mbele wazi, na kima yote inatokea huko. Mimi huenda na slesi mbili za mkate tunaokula nyumbani nikazilaza juu ya vibao; ukingo wa mkate usipofika kwenye ukingo wa kibao, sandwichi haitaziba. Kishikizo cha plastiki nyembamba usikikubali. Cha tosta yangu ya mwanzo kilikatika kwa kulazimishwa na watoto, na spea haikupatikana Mombasa nzima.

Halafu hii chumvi yetu ya upepo wa bahari. Mimi naishi Tudor, karibu na maji, na nimeona skrubu na springi zikishika kutu kabla vibao havijachakaa. Ukimaliza kuitumia, ikaushe, uiweke kabatini, usiiache dirishani.

Wati zisikutishe. Ya wati 750 ikifanya kazi dakika 10 mfululizo haili zaidi ya moja ya nane ya uniti ya tokeni. La kuogopa ni tosta iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani: kule umeme ni volti 120, huku kwetu 240. Soma kibandiko cha chini kabla hujaichomeka.

Uma na kisu visiguse vibao, vitakwangua ule utando usioshika. Tumia mwiko wa mbao. Siagi paka upande wa nje wa mkate. Kima ikaushe vizuri jikoni kwanza, na ungoje taa ionyeshe moto umefika ndipo utie mkate, la sivyo utaganda.

Na usitoke dukani kabla muuzaji hajaichomeka mbele yako. Baada ya dakika chache, sogeza kiganja juu ya kila kibao bila kugusa. Ukihisi cha chini kina moto na cha juu bado baridi, mwambie akupe nyingine.