Nati Mbili, Siku Tisa

Juzi jioni nati ya mwisho ya ekzosi ilitoka. Nimeiweka hapa mezani, karibu na kikombe cha chai, naitazama kama mtu anavyotazama cheti chake. Aliyewahi kufungua pikipiki ya miaka arobaini ananielewa. Wengine mnivumilie, leo najisifu.

Pikipiki yenyewe ni ya 1983, silinda mbili, ilishinda miaka 11 chini ya turubai kabla haijaangukia mikononi mwangu. Na wiki hii hii msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, bisibisi inateleza tu kwenye kifuniko cha klachi, nimeshaharibu skrubu tatu. Nifanyeje?"

Kwanza iweke chini hiyo bisibisi. Pikipiki nyingi za zamani za Kijapani zimefungwa kwa skrubu za JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Kijapani. Kwa macho utaapa ni nyota ya kawaida, lakini bisibisi ya Phillips, ile ya nyota ya kawaida, haikai vizuri mle ndani. Ukiongeza nguvu inapanda juu na kung'oka na kingo za skrubu. Tafuta ya JIS. Au chukua bisibisi ya kugonga, ile inayojizungusha kidogo kila ukiipiga nyundo: pigo moja linashindilia na kulegeza kwa wakati mmoja. Skrubu zangu zilikuwa 10, na 9 zilitoka hivyo. Ya 10 niliitoboa kichwa kwa drili, kifuniko kikatoka, kisha shina lililobaki nikalishika kwa praisi likazunguka bila ubishi, maana halikuwa tena na kinacholibana.

Hayo ni mchezo tu. Ekzosi ndiyo iliyonitoa jasho.

Mwaka jana nilianza na upande wa kushoto. Asubuhi nikapuliza mafuta ya kutu, mchana nikashika spana, nikaivalisha na kipande cha bomba kuurefusha mpini. Nati ikaanza kuzunguka. Furaha niliyoipata! Kumbe nati haikuwa inazunguka, studi, ile bolti isiyo na kichwa iliyozama kwenye injini na kushikwa na nati, ndiyo iliyokuwa inajisokota. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Bolti inayoachia hupiga "tak!" kavu. Bolti inayotaka kukatika haisemi kitu. Inakuwa laini mkononi, inavutika, kama unakamua kitambaa kilicholowa. Ukiusikia ulaini huo, acha papo hapo. Mimi sikuacha. Ikakatika sawia na uso wa silinda hedi, kile kipande cha alumini kinachofunika silinda kwa juu.

Nikatoboa katikati ya kisiki, nikaingiza kile chuma cha kung'olea bolti zilizokatika, nacho kikavunjikia humo humo. Chuma hicho ni kigumu mno, drili ya kawaida inakiparuza tu. Nikaibeba hedi kwa fundi. Aliigeuza mara moja, akacheka, akasema mbele ya wateja wake, "Bosi, hii kauze kwa kilo." Mpaka leo kicheko kile hakijanitoka.

Aliyeniokoa ni kijana wa kuchomelea milango. Alijaza weldi juu ya kisiki, tone baada ya tone, mpaka kikatokeza. Akachomelea nati juu yake, akangoja ipoe kidogo, akaizungusha kwa spana polepole mpaka ikatoka. Weldi ya chuma haishiki kwenye alumini, na joto lile lilikuwa limeshavunja kutu.

Joto, jamani. Upande wa kulia nikauendea kwa adabu. Jioni nane mfululizo: mafuta kidogo, vigongo vichache vya nyundo ndogo juu ya nati, naenda kulala. Siku ya tisa nikatoa tangi la petroli na kulipeleka mbali, nikafuta mafuta yote, nikapasha nati yenyewe ili itanuke kabla ya studi. (Bolti iliyoingia kwenye alumini ni kinyume: pasha alumini inayoizunguka, kwani kwa joto lile lile hutanuka karibu mara mbili ya chuma.) Nikagusisha mshumaa, nta ikanyonywa ndani ya nyuzi. Spana ya pembe sita, si kumi na mbili. Nikaikaza kwanza, kidogo tu. Kisha nikairudisha. Tak! Nusu mzunguko nje, robo ndani, vumbi la kahawia likimwagika kwenye vidole vyangu.

Na tahadhari moja isiyo na utani: kama ulisafisha kwa dawa ya breki yenye klorini, usisogeze moto hapo. Ikiungua hutoa gesi ya fosjini, na hiyo ni sumu kali.

Wenzangu, tuna haraka mno. Tunataka kutu ya miaka kumi na moja iondoke kabla ya chakula cha mchana, kisha tunailaumu pikipiki. Nguvu unazo, hata mimi ninazo, na ndizo zilizonikatia studi. Pasha. Ngoja. Pasha tena.

Wewe mwenye skrubu tatu: zikishatoka usizirudishe. Weka za kichwa cha aleni, zenye tundu la pembe sita, paka nyuzi grisi ya shaba kidogo, na kwa M6 (unene wa milimita 6) usizidi Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), tena ukishapaka grisi punguza. Ukikwama nitumie picha, lakini kabla hujatoboa.