Mzee yuko ndani na anaumwa: parole au msamaha wa Rais?

Mleta mada, pole sana. Umeuliza kama baba yako, miaka 70 na ushee na saratani ya tezi dume, anaweza kuombewa parole, yaani kumalizia kifungo akiwa nje kwa masharti. Nami nilianzia huko kwa baba yangu mkubwa, nikapoteza karibu mwaka mzima.

Parole ya hapa Tanzania, ile ya sheria ya 1994, haianzii kwenye ugonjwa. Inaanzia kwenye kifungo: kiwe cha miaka 4 na kuendelea, awe ametumikia theluthi, na mwenendo wake uwe mzuri. Kama ni unyang'anyi wa silaha, dawa za kulevya au kifungo cha maisha, usijisumbue. Halafu wanakijiji nao huulizwa. Baba mkubwa alipigwa miaka 12 kwa kuua bila kukusudia, ugomvi wa mpaka wa shamba. Waliofiwa ni majirani zetu ukuta kwa ukuta. Unadhani walijibu nini?

Wazee na wagonjwa wengi hutokea kwenye msamaha wa Rais, ibara ya 45 ya Katiba, unaotangazwa hasa Sikukuu ya Muungano au 9 Desemba. Matangazo kadhaa yamewataja wagonjwa mahututi na wazee wa miaka 70 na kuendelea, ila yote mawili yathibitishwe na jopo la waganga chini ya mganga mkuu wa mkoa au wilaya.

Kwenye umri ndipo tulipokwama. Siku anapokelewa gerezani aliulizwa amezaliwa lini, akajibu, "Mwaka wa njaa." Afande akamtazama usoni, akaandika umri: miaka 58. Kwa jalada lile, alipofikisha 71 yeye alikuwa na 62! Figo zimechoka, miguu imevimba hadi kandambili hazivaliki, lakini kwenye karatasi bado kijana.

Kilichotuokoa ni kitabu cha ubatizo parokiani. Mchwa wamekula pembeni, jina na mwaka vinasomeka. Tulipeleka nakala kwa bwana jela, nyingine kwa mganga wa zahanati ya gereza, na kila tuliyempa tulimwomba asaini kwenye nakala yetu. (Hili lilimkera karani mmoja. Akereke.)

Kwa hiyo kabla ya wakili, nenda kaulize jalada la baba yako linasema ana miaka mingapi.

Wetu alitoka Aprili. Tulikaa naye miezi minne, na mpaka ule wa shamba hakuutaja tena hata siku moja.