Mwanangu, acha kukariri majibu

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza inakuwaje kwenye jaribio la IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, upate alama 7 kati ya 9 kusoma na kusikiliza, halafu kuzungumza kukukwamishe kwenye 5.5, na ufanye nini kwa wiki sita zilizobaki.

Kiingereza unacho. Kinachokushusha ni hayo majibu uliyoniambia umeyakariri. Mtahini huyasikia kutwa nzima: kasi inapanda ghafla, sauti inakuwa ya mtu anayesoma, na swali likigeuka kidogo unanyamaza. Anapima mambo manne kwa uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi. Maoni yako hayapimwi, kwa hiyo usihangaike kutafuta jibu la hekima.

Mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14, na hurekodiwa. Sehemu ya kwanza ni ya maswali mepesi: nyumbani, kazi, chakula. Toa jibu, sababu na mfano mfupi, basi.

Ya pili ndiyo inayozamisha watu. Unapewa kadi yenye mada, karatasi na penseli, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea hadi dakika 2. Wengi huanza kuandika sentensi kamili, na dakika inakwisha wakiwa na sentensi moja na nusu. Wewe andika maneno sita tu, tena kwa Kiingereza, usije ukapoteza muda kutafsiri. Tuseme kadi inataka umweleze mtu aliyekusaidia: neighbour, flood, night, roof, rope, now. Hilo now ni akiba. Ukikaukiwa kabla ya muda, sema huyo jirani yuko wapi leo na mnaishije. Hapo unatoka kwenye wakati uliopita kuingia uliopo, na sarufi yako inaonekana ina upana. Mtahini akikukatisha dakika 2 zikitimia, usitishike, ndio utaratibu.

Ya tatu huipanua mada ileile: kwa nini watu wa mjini hawajuani na majirani? Usipoelewa, mwombe arudie au aliweke swali kwa namna nyingine. Afadhali hivyo kuliko kujibu usichoulizwa.

Kuhusu matamshi, lafudhi yetu si kosa. Kosa ni kutoeleweka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamishia huko kwenye Kiingereza. Neno development mkazo wake uko kwenye ve, sisi tunaubeba hadi lop. Ship na sheep nazo tunazifanya moja. Lakini think ikigeuka sink huo ni uvivu tu, maana anayetamka thamani na dhahabu vizuri hana udhuru. Tena angalia he na she: kwa kuwa yeye wetu hana jinsia, ukimsimulia bibi yako utajikuta umemgeuza babu katikati ya sentensi. Fanya zoezi la kumsimulia mwanamke mmoja, kisha mwanamume, kila mmoja kwa dakika 1.

Kila siku chukua kadi moja, weka simu irekodi, ongea dakika 2 bila kuandika hotuba. Sikiliza mara ya kwanza ukihesabu mahali uliponyamaza au kuvuta "eee". Mara ya pili tafuta kosa la aina moja tu, mathalani vitenzi vya wakati uliopita. Ukiwinda yote kwa mpigo hutashika hata moja. Kisha rudia kadi hiyohiyo papo hapo. Watu huruka hatua hii kwa sababu inachosha, nayo ndiyo inayojenga ulimi. Mara tatu kwa wiki mtafute mtu akubane kwa maswali ya sehemu ya tatu, asiwe anayekuonea haya.

Hakikisha umejua tarehe ya kuzungumza, maana yaweza kupangwa siku tofauti na ya kuandika, na uende na pasi ileile uliyojisajilia.

Nitumie rekodi ya kwanza Jumapili, ikiwa na makosa yake yote. Usiirudie ili inipendeze.

Baba yako